Bibi Karen Blixen na Deni la Shamba la Ngong

Wazee wetu wa pwani walisema kuwa kukopa harusi, kulipa matanga. Usemi huu tumeusikia tangu utotoni, na aghalabu twautumia kumcheka yule aliyekopa. Lakini wapo watu ambao hawakukopa, wala harusini hawakualikwa, na siku ya matanga ikifika wao ndio wakaao mkekani kulia. Hao ndio niliowakusudia leo, na nitawaeleza kwa njia ya maisha ya mtu mwingine.

Mimi ni mtu wa pwani, ila kazi ya kalamu imenikalisha Nairobi miaka mingi. Katika miaka hiyo nimekuwa mgeni wa mara kwa mara wa Kibera, hasa Makina kwa ndugu zetu Wanubi, na pia wa Kawangware ng'ambo ya pili ya barabara ya Ngong. Mahali hapa pawili mazungumzo hayaendi mbali kabla ya kufika kwenye deni. Liko deni la kodi ya chumba, deni la karo, deni la hospitali, deni la dukani, na siku hizi liko deni la simu, ambalo mtu hulichukua usiku amelala kitandani na asubuhi likaamka kabla yake. Mara kadhaa nimeulizwa, kwa kuwa nadhaniwa kuwa mtu wa vitabu, kama ni kweli sheria humruhusu mtu kutangaza kuwa amefilisika, na kama jambo hilo ni aibu.

Kila niulizwapo hivyo, fikira zangu huelekea magharibi, maili chache tu kutoka Kibera, mahali paitwapo Karen. Leo ni mtaa wa matajiri, wenye nyua kubwa na miti mirefu. Zamani palikuwa shamba la buni, na shamba hilo lilikufa kwa deni. Aliyekuwa akiliendesha ni Bibi Karen Blixen, mwandishi mashuhuri wa Denmark, aliyefariki tarehe 7 Septemba 1962. Wengi wanamjua kwa vitabu vyake, na wengine kwa filamu iliyotolewa mwaka 1985. Mimi leo namtazama kama mdaiwa tu.

Bibi huyu alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885, katika nyumba ya Rungstedlund, kando ya bahari, si mbali na Copenhagen. Jina lake la nyumbani lilikuwa Karen Dinesen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa askari na mwandishi, akafariki mwaka 1895, naye binti akiwa hajatimiza miaka 10. Upande wa mama yake, Bibi Ingeborg, ulikuwa wa akina Westenholz, watu wa biashara wenye mali na tahadhari. Nakuomba msomaji ulishike jina hilo la Westenholz, maana ndio walioutoa mtaji, na ndio walioupoteza.

Aliposwa na Bwana Bror Blixen, bwana wa Kiswidi wa ukoo wa kibaroni, wawili hao walishauriana kuhamia Afrika ya Mashariki. Jamaa zao walikubali kutoa fedha. Bwana harusi akatangulia mwaka 1913, na shauri la kwanza lilikuwa ni kufuga ng'ombe wa maziwa. Alipofika aligeuza nia, akanunua shamba la buni kutoka kwa Mswidi mwenzake, kwa kuwa wakati huo kila kinywa cha mzungu mjini Nairobi kilikuwa kikiisifu kahawa. Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza, kwa fedha zilizotolewa kwa shauri moja na kutumika kwa shauri jingine.

Bibi arusi aliwasili Mombasa mwezi wa Januari 1914, na tarehe 14 ya mwezi huo wakafunga ndoa papo hapo mjini, mmoja wa mashahidi akiwa Wilhelm, mwana wa mfalme wa Sweden. Kisha wakapanda gari la moshi kwenda bara. Ndoa ilifungwa kwetu pwani, na kama tutakavyoona, pwani ndiko kulikokuwa na mlango wa kutokea pia.

Shamba lenyewe lilikuwa kiasi cha maili 12 kutoka Nairobi, chini ya milima ya Ngong. Lilikuwa na ekari zipatazo 6,000. Katika hizo, ekari 600 hivi zilipandwa buni, sehemu nyingine ilikuwa msitu na malisho, na ekari kama 1,000 zilikuwa za maskwota, yaani Wakikuyu waliokaa humo na familia zao, wakalima vishamba vyao na kuchunga mifugo yao, na kwa malipo ya kukaa huko wakalazimika kumfanyia kazi mwenye shamba siku kadhaa kila mwaka. Hivyo ndivyo sheria ya wakoloni ilivyotaka. Mtu alizaliwa mahali, baba yake amezikwa mahali, lakini karatasi ilisema kuwa yeye ni mpangaji, na kodi yake ni jasho lake.

Mwaka 1916 ikaundwa kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, na mwenyekiti wake akawa Bwana Aage Westenholz, mjomba wa Bibi Karen. Jamaa wengine wakanunua hisa. Tangu hapo shamba halikuwa tena mali ya mke na mume, bali lilikuwa mali ya ukoo mzima uliokaa Ulaya ukingoja faida kwa barua.

Faida haikuja. Sababu zake ni nyingi, lakini ya kwanza ilikuwa ardhini na hewani. Shamba lilikuwa juu mno, karibu futi 6,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari. Buni ni mti usiopenda baridi ya usiku, na huko Ngong mvua haikutosha, upepo ulikuwa mkavu, na udongo haukuufaa sana mti huo. Juu ya hayo, mbuni hautoi mazao ya maana ila baada ya miaka mitatu au minne, na mara tu walipoanza kupanda, Vita Kuu vya mwaka 1914 vilizuka. Gharama zilianza siku ya kwanza, ilhali mapato yalikuwa ya kungojwa.

Ya pili ilikuwa ni mume. Bwana Bror alikuwa mwindaji hodari na mcheshi, mtu wa kupendwa na kila mtu isipokuwa aliyemkopesha. Madeni yake mwenyewe yalichanganyika na ya shamba hata ikawa taabu kuyatenga, na waandishi wa maisha yake husimulia kuwa ulifika wakati wa kuwakimbia wadai wake. Fauka ya hayo, Bibi Karen aliugua maradhi mazito mapema katika ndoa hiyo, maradhi ambayo husemwa alitoka nayo kwa mumewe, akalazimika kurudi kwao mwaka 1915 kutibiwa. Mwaka 1921 mjomba Westenholz alikuja mwenyewe kutazama fedha za ukoo zimekwenda wapi. Aliyoyaona hayakumpendeza. Hata hivyo hakulifunga shamba, bali alimwachia mpwa wake aliendeshe, kwa sharti kwamba Bwana Bror asiguse tena mambo ya shamba hilo. Mwaka 1925 mke na mume wakaachana kisheria.

Hapa ndipo nitakapo wasomaji wangu watazame kwa makini. Tangu mwaka 1921 hadi mwisho, miaka kumi kamili, mwanamke huyu alikuwa peke yake na deni. Alikuwa shambani alfajiri, akipanda na kupalilia, akitunza ng'ombe wa kukokota magari, akiwatibu wagonjwa mlangoni pake. Uvivu haukuwa sababu. Mwaka 1923 kiwanda chake cha kukaushia buni kiliteketea kwa moto. Kikajengwa kingine, kwa fedha za kukopa. Mwaka mmoja mvua zikawa haba, mwaka mwingine bei ikawa nzuri lakini mazao machache, na kila mwaka barua zilikwenda Denmark zikiomba subira na nyongeza. Kila barua ilitaja mavuno yajayo. Mwenye deni la muda mrefu huanza kuishi katika mwaka ujao, na mwaka huu huuona kama chumba cha kungojea tu.

Je, hakuna aliyemwambia kwamba mahali pale hapafai? Waliomwambia walikuwepo, na jamaa zake walitaka mara kwa mara kuuza. Yeye alishikilia. Shamba lilikuwa limekwisha kuwa nafsi yake, na mtu akifika hapo, hesabu haziingii tena masikioni. Nimewaona watu wa namna hiyo Kawangware pia. Mtu ana kibanda cha biashara kinachomla kila mwezi, naye hukopa huku ili alipe kule, kwa sababu siku ya kukifunga atakuwa amekubali kuwa yeye siye mtu aliyejidhania.

Katika miaka hiyo yote alikuwapo mtu mmoja ambaye Waislamu wa pwani hawana budi kumjua. Naye ni Farah Aden, Msomali, aliyemtumikia Bibi Karen tangu mwaka 1914 hadi 1931. Kumwita mtumishi ni kumpunguzia. Alishika funguo za nyumba na mfuko wa fedha, akalipa mishahara na kununua mahitaji, akapatanisha magomvi, na Bibi Karen mwenyewe ameandika kuwa hakuwa akimdai hesabu, kwa jinsi alivyomwamini. Yaani katika shamba lililokuwa likipoteza fedha za kampuni nzima, mkono uliokuwa amini ulikuwa wa Farah.

Mwaka 1929 bei za mazao zilianguka duniani kote, na nzige nao wakavamia Kenya. Mwaka huo huo lilitokea jambo dogo kwa wanahistoria, lakini kwangu ni kubwa kuliko kuanguka kwa bei.

Chifu mkuu wa Wakikuyu upande wa Dagoretti, ambako ndiko iliko Kawangware ya leo, alikuwa Kinyanjui wa Gathirimu. Alikuwa jirani na rafiki wa shamba, akija kushauriwa na kushauri. Alipokuwa mahututi, jeraha la mguu likiwa limeoza, alimwita Bibi Karen akamwomba amchukue nyumbani kwake akafie huko, kwa kuwa hakutaka kupelekwa hospitali ya misheni. Kwa desturi ya kila taifa ninalolijua, ombi la mtu anayekufa halikataliwi. Bibi Karen alilikataa. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake kuwa wakati ule alikuwa amekwisha nguvu kwa mashaka ya shamba, na hakuwa na moyo tena wa kukabiliana na madaktari, wakuu wa Serikali na maneno ya watu kama chifu angefia mikononi mwake. Akaondoka akamwacha, na Kinyanjui akafa bila kupata alichoomba.

Sisemi haya ili nimhukumu marehemu, bali ili tuone deni hufanya nini. Twadhani deni huchukua fedha peke yake, kumbe huchukua pia ile nguvu ya mtu ya kumfaa mwenziwe. Mdaiwa huona aibu kwenda mazikoni kwa kuwa atakutana na aliyemkopesha, na hodi ya mgonjwa huiona kama hodi ya mdai. Alikuwa mkarimu, na siku moja ukarimu ukakosekana.

Mwisho ukaja. Kampuni ilishindwa kulipa, na mwishoni mwa mwaka 1930 na mwanzoni mwa 1931 shamba likauzwa. Mnunuzi alikuwa Bwana Remy Martin, mfanyabiashara wa ardhi wa Nairobi, ambaye nia yake haikuwa buni. Alikusudia kuikata ardhi viwanja vya nyumba. Jina la Karen likabaki juu ya viwanja hivyo, na wenye nyumba huko leo wanakaa juu ya ekari za kampuni iliyokufa.

Bibi Karen alipewa muda wa kuvuna zao la mwisho. Alianza kuuza samani moja moja, na baadhi yake zilinunuliwa na Lady McMillan, mjane aliyeijenga maktaba ya McMillan mjini Nairobi kwa kumbukumbu ya mumewe. Farasi na mbwa aliwagawia marafiki. Tarehe 14 Mei 1931, katikati ya mashaka hayo, rafiki yake mkubwa Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa na nyumba huko Takaungu, alianguka na ndege yake pale Voi akafa pamoja na mtumishi wake Mkikuyu. Akazikwa juu ya milima ya Ngong.

Katika miezi hiyo Bibi Karen alikuwa akienda Nairobi mara kwa mara, ofisi hadi ofisi. Farah Aden alimfuata, na ndipo alipofanya jambo lililoandikwa kwa heshima na bibi yake. Alifungua masanduku yake akatoa mavazi yake bora, ya hariri na nakshi, akayavaa kila walipokwenda mjini. Mwenye nyumba alikuwa amefilisika, na mtu wa nyumba yake akatembea nyuma yake barabarani kama wanakwenda barazani kwa sultani. Alimsitiri. Katika mafundisho tuliyosomeshwa chuoni tukiwa watoto, kumsitiri mwenzio ni ibada, na sijui mfano mzuri zaidi wa jambo hilo katika historia ya mji wa Nairobi.

Na huko maofisini walifuata nini? Hapa ndipo nilipokusudia kufika tangu mwanzo. Kwa sheria, shamba likishauzwa, maskwota walipewa miezi sita wahame. Hawakuwa na hisa wala sauti katika mkutano wa kampuni. Hawakukopa hata senti moja. Lakini matanga yalikuwa yao, na zaidi ya hayo, wangetawanywa, kila familia mahali pake, mifugo yao ikiwa haina pa kwenda. Walimwendea Bibi Karen wakamwomba jambo moja, kwamba popote watakapopelekwa, wapelekwe pamoja.

Yeye, ambaye hakuwa na kitu tena, alibeba ombi hilo kutoka kwa ofisa mmoja hadi mwingine, akakataliwa, akarudi tena, hata akafika kwa wakubwa wa Serikali wenyewe. Mwishowe wakakubali. Watu wa shamba wakapewa sehemu katika msitu wa akiba wa Dagoretti wakahamia huko wote pamoja na mifugo yao. Wazee wa Kikuyu walitaka kumfanyia ngoma kuu ya kumuaga, nayo ikapigwa marufuku na Serikali siku ile ile walipokwisha kukusanyika.

Katika mwaka huo wa 1931 Bibi Karen aliteremka Mombasa kwa gari la moshi, Farah akiwa pamoja naye, akapanda meli kwenda Ulaya, asirudi tena. Amesimulia kuwa stesheni ya Samburu aliteremka kidogo akaiona milima ya Ngong kwa mbali. Msomaji wa pwani anayeijua Samburu, karibu na Mariakani, atajua kuwa kutoka huko Ngong haionekani hata kwa darubini. Sisemi alidanganya. Mtu aliyepoteza mahali huendelea kupaona.

Alifika kwao akiwa na miaka 46, akarudi kukaa katika nyumba ya mama yake, akitegemea jamaa ambao fedha zao zilikwisha kuzama katika shamba lake. Ndugu yake, Thomas, alikubali kumsaidia wakati akiandika. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilitoka Marekani mwaka 1934 kwa jina la kubuni la Isak Dinesen, na mwaka 1937 kikatoka kile cha kumbukumbu za shamba, kilichompa sifa dunia nzima.

Wako waliomlaumu, na lawama zao zina msingi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alimshutumu vikali kwa jinsi alivyowaeleza Waafrika. Nami naongeza la hesabu. Katika daftari za kampuni hiyo yaliandikwa madeni ya benki na fedha za wenye hisa, lakini halikuandikwa deni la ardhi. Ekari zile 6,000 hazikuteremka kutoka mbinguni zikiwa tupu. Jamaa wa Denmark walipoteza fedha, Wakikuyu walikuwa wamepoteza mahali. Na Wanubi wa Kibera, jirani zao, waliijua hadithi hiyo kwa namna yao. Serikali ya Kiingereza iliwatengea ekari 4,197 mwaka 1918 kwa ajili ya askari na jamaa zao, lakini bila ya hati, na walingoja hadi mwaka 2017 ndipo wakakabidhiwa hati ya ekari 288. Katika nchi hii, asiye na karatasi ndiye huwa wa kwanza kulipa deni la mwenye karatasi.

Sasa niwajibu walioniuliza. Kwanza tutenganishe mambo. Iliyofilisika Ngong ilikuwa kampuni, na kampuni ikifa, mtu hubaki. Mtu mwenyewe akielemewa, Kenya ina sheria ya ufilisi ya mwaka 2015 iliyoondoa ile ya zamani. Mdaiwa anaweza kwenda mwenyewe bila kungoja kupelekwa. Anaweza kufanya mapatano na wadai wake chini ya usimamizi, alipe kidogo kidogo. Asiye na mali yoyote ya kuuzwa, wala uwezo wa kulipa chochote, na deni lake si chini ya shilingi 100,000 wala halizidi milioni 4, anaweza kuomba njia ya wasio na mali, ambayo kwa kawaida humfungua baada ya miezi 12. Anayetangazwa mufilisi na mahakama, kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka mitatu tangu kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, na sheria humwachia vyombo vya lazima vya kazi yake na vya nyumbani. Kwa hiyo fundi hanyang'anywi cherehani yake. Lakini kabla ya kufunguliwa, hawezi kugombea ubunge, na kukopa kwake kuna mipaka.

Na aibu? Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake ni ile fulusi, senti ya shaba. Mufilisi ni mtu aliyebakiwa na vijisenti. Wanazuoni wa fikihi wana mlango mzima juu yake, na mfano wao mashuhuri ni Muadh bin Jabal, sahaba mtukufu, ambaye mali yake iliuzwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakalipwa wadai wake. Baadaye Muadh alitumwa Yemen kuwa kadhi na mwalimu. Ikiwa mtu wa daraja hiyo aliuziwa mali na heshima yake ikabaki, mwenye duka la Kawangware asife kwa aibu. Nao wanaodai wakumbuke kuwa Kurani imeamuru mwenye dhiki apewe muhula.

Lakini sheria haina dawa ya jambo moja, nalo ndilo ninalowausia. Mufilisi akifunguliwa, mdhamini wake hafunguliwi. Yule mama wa chama aliyeweka jina lake, yule ndugu aliyetia sahihi huko kwenye ushirika, yule shemeji aliyeweka hati ya kiwanja, wote hao hubaki na deni mlangoni. Hao ndio maskwota wa deni lako. Kwa hiyo, kabla hujakwenda mahakamani, na kabla hujaandika mali uliyo nayo, andika kwanza majina ya watu wanaosimama juu ya ardhi yako bila kujua kuwa inauzwa. Waendee uwaambie mapema, ukiwa bado una sauti ya kuwasemea. Bibi Karen aliwasemea watu wake katika mwezi wa mwisho, kwa taabu kubwa, na bahati ikamsaidia. Kama angekubali miaka mitano kabla kwamba buni haioti juu ya baridi, angewasemea akiwa na nguvu, na huenda Kinyanjui naye angefia mahali alipopataka.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina ubishi. Asiyeweza kulipa fedha, basi na alipe ukweli, na aulipe mapema.